Maji yaive kwanza: akwariamu kubwa ya samaki wa Tanganyika mu nyumba, hapa Bukavu

Bandugu, watu wananiulizaga sana juu ya akwariamu yangu ya mita mbili iko mu salon, na karibu wote swali la kwanza ni samaki: samaki unatoa wapi, samaki bei gani. Miye kila mara najibu maji kwanza. Maji kama hayajaiva, ni kusema bakteria zenye kusafisha hazijazaliwa mule, hata ulete samaki muzuri namna gani, utamuzika siku ya tatu. Nasema hivyo juu ilinipata. Mu 2019 niliingiza samaki 14 siku ya tatu baada ya kujaza, maji yalikuwa meupe safi, unaona mpaka kioo cha nyuma, nikajua ni sawa. Kesho yake jioni wote walikuwa juu juu wanahema, mashavu inafunguka haraka haraka, ngozi imekuwa nyeusi. 11 walikufa. Ile usiku sikulala, na njo maana naandika hii yote pole pole.

Wengine wanaonaga matumbawe ya bahari mu video wanataka ile. Inawezekana, lakini inaomba chumvi yake maalum, maji yaliyochujwa kabisa, taa kali, na Bahari ya Hindi iko mbali na siye. Ziwa Tanganyika iko hapo chini, ukishuka Kamanyola unafika Uvira kwa ukingo wake. Ni ziwa lenye aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya siklidi, karibu zote hauzipati pengine duniani, na zinaishi mu mawe vile samaki wa bahari wanaishi mu matumbawe. Kwa nini tuende mbali?

Hatua ya 1: mahali na meza

Tanki yangu ni sentimita 200 kwa 60 kwa 60, kwa hesabu ni litre 720. Vioo vyenyewe ni kama kilo 130, ongeza mawe, mchanga, maji, unafika karibu tani moja. Usiweke kwa etaji ya mbao. Weka chini kabisa, kwa simenti, kando ya ukuta mzito, mbali na dirisha lenye jua.

Meza nilitengenezesha kwa fundi wa kuchomelea vyuma, na nilimuomba aweke vyuma vya kukingama mu pembe, vile vya kwenda mushazari. Alisema ni kupoteza chuma. Nilimukumbusha tarehe 3 mwezi wa pili 2008, ile tetemeko ya 5.9 yenye ilitupiga hapa Bukavu. Meza ya miguu minne bila mushazari inaenda upande mara moja tu, na hapo tani yote iko mu salon na watoto. Juu ya meza weka ubao, halafu tandika sponji nyembamba, kioo kisikae juu ya kichanga kidogo kikapasuka.

Hatua ya 2: vioo

Milimita 12, na vipande vya kioo vya kukaza vigundishwe juu kuzunguka. Silikoni iwe ile ya akwariamu ao ile safi isiyo na dawa ya kuua ukungu, ile ya douche (bafu) ina dawa na inaua samaki. Ukimaliza acha siku saba. Ile harufu ya siki inapaswa kwisha kabisa. Jaza maji, acha siku tatu, pangusa pembe zote na karatasi kavu. Karatasi ikilowana, mwaga, kata, rudilia. Hapo hakuna njia ya mkato.

Hatua ya 3: mawe na mchanga

Mawe kwanza, mchanga nyuma. Wengi wanageuza. Siklidi wanachimba usiku na mchana, jiwe likiwa juu ya mchanga wanalichimbia chini linaangukia kioo. Tandika sponji ao plastiki ngumu mu sehemu ya mawe, panga mawe yakae imara yenyewe, tingisha na mkono, halafu mwaga mchanga mwembamba wa mto, uliooshwa mpaka maji yanatoka meupe.

Mawe ya lava ya Goma ni mapesi na yana matundu mengi, lakini yanakata kama wembe na samaki anajikuna. Miye lava naweka mu filta (chombo cha kuchuja maji), mu tanki naweka mawe ya duara ya mto. Acha mapango mengi, ya wazi mbele na nyuma, samaki dhaifu apate kwa kutokea.

Hatua ya 4: filta, na umeme wenye kukatika

Usinunue ile filta ya mtungi wa kufungwa. Umeme ukikatika masaa mengi, bakteria mule ndani zinakosa oksijeni zinakufa, na umeme ukirudi ile uchafu yote inarudishwa kwa samaki. Tengeneza tanki ndogo ya chini, ya litre 120 hivi. Maji yanashuka kwa tiyo, yanapita kwa sponji ya godoro, halafu kwa lava iliyopondwa na vifuniko vya chupa (ndiyo, vifuniko vya chupa za plastiki, bakteria zinavikalia vizuri sana), pompi inarudisha juu. Pompi iwe ya litre 3000 kwa saa ao zaidi kidogo.

Sasa sikia hapa. Pompi ikizima, maji ya juu yanashuka mpaka yafikie mdomo wa tiyo. Kwa hiyo tanki ya chini isijae, na kwa tiyo ya kurudisha toboa katundu kadogo karibu na uso wa maji kaingize hewa, la sivyo maji yanavutika kwenda chini na unaamka salon iko ziwa. Jaribu: zima pompi makusudi, kaa uangalie mpaka maji yasimame.

Umeme wa kukatika samaki hauwaui kwa baridi haraka, litre 600 zinapoa pole pole. Kinachoua ni kukosa hewa. Batri moja ya gari, kapaneli ka sola, na kapompi ka hewa ka kujiwakia, basi inatosha. Na hapa kwetu mu mlima usiku ni baridi, weka rezistansi za kupasha maji mbili za wati 300 kuliko moja kubwa, moja ikiharibika nyingine inashikilia. Tafuta digrii 25.

Hatua ya 5: maji yenyewe

Tanganyika iko na pH (kipimo cha asidi ya maji, 7 ni katikati) karibu 9, maji magumu, yenye bikarbonati mingi. Na ziwa Kivu je? Kivu nayo iko karibu 9, tena chumvichumvi yake ni karibu mara mbili ya Tanganyika, juu ya volkano, na ni ile ile maji inatoka hapa kwetu kwa mto Ruzizi inashuka mpaka Uvira. Kwa hiyo miye nachanganya nusu Kivu nusu robine (bomba). Tanki ikiwa na mawe ndani iliingia litre 600 hivi, ni bidoni 30 za litre 20: 15 za Kivu, 15 za robine. Maji ya Kivu yachotwe na mtumbwi mbali na ukingo, kwenye mifereji ya mji haifiki. Ile gesi watu wanaogopaga iko mu kilindi, maji ya juu hayana shida. Ya robine acha mu pipa wazi siku mbili na hewa inapuliza, klorini itoke.

Hatua ya 6: kuivisha

Hapa njo kazi yenyewe, na haina samaki hata mumoja.

Samaki akipumua na kukojoa, na chakula kikioza, inatoka amonia. Aina moja ya bakteria inageuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, aina ingine inageuza nitriti kuwa nitrati, hiyo samaki anaivumilia. Hizo bakteria haziko mu maji mapya, zinazaliwa pole pole. Lakini kwetu kuko jambo lingine lenye watu wa maji laini hawalioni: mu pH 7, amonia yenye sumu haifiki hata asilimia moja ya amonia yote, ingine yote ni amoniamu, haina ubaya sana. Mu pH 9 na digrii 25, ile ya sumu inapita theluthi moja. Kiasi kile kile cha uchafu, lakini sumu mara nyingi zaidi. Ile yangu 11 walikufa juu ya hiyo hesabu, na miye sikuijua.

Washa pompi, washa rezistansi, tia ndagala kavu kidogo mu soksi, ning'iniza. Kama kuko mutu ana akwariamu ya zamani, muombe akamulie sponji yake mule, utapunguza wiki mbili tatu. Pima kila siku ya pili. Amonia isipite miligramu 2 kwa litre, ikizidi hapo mu pH yetu hata bakteria zenyewe zinakwama. Ikizidi, toa soksi.

Kwangu mara ya pili ilikwenda hivi. Siku ya 10 amonia ilipanda. Siku ya 19 nilipima nitriti, matone tano ya dawa ya kupimia mu kachupa ka maji, nikatingisha, na ile maji ya buluu ya mbingu ikaanza kugeuka kwa chini kama vile mutu amedondosha wino, ikapanda, ikawa zambarau yote. Nilifurahi kama mtoto, juu ilimaanisha bakteria za kwanza zimefika. Siku ya 33 amonia ikashuka sufuri. Nitriti ikagoma. Zambarau, zambarau, kila siku zambarau, na mke wangu ananiuliza hii ni akwariamu ya mawe tu? Siku ya 52 kachupa kakabaki buluu. Nikatia tena ndagala, nikangoja masaa 24, amonia sufuri, nitriti sufuri. Hapo njo yameiva.

Katikati utaona vumbi ya kahawia kwa mawe, usiogope, inapita. Nyuma inakuja majani ya kijani mafupi (mwani). Kwangua ya kioo cha mbele tu, ya mawe acha, ni chakula.

Badilisha nusu ya maji kabla ya kuleta samaki, nitrati ishuke.

Hatua ya 7: safari ya samaki

Samaki wasile siku mbili kabla ya safari. Mifuko ijazwe maji theluthi moja, oksijeni theluthi mbili, lakini isikazwe kama mupira: Uvira iko kama mita 770, Bukavu inafika 1500, hewa inatanuka njiani na mfuko unaweza kupasuka. Weka mu kasha ya kuzuia baridi, mu milima ya Ngomo baridi inaingia.

Ukifika, elesha mifuko juu ya maji dakika 20, bila kufungua. Ukifungua, usianze kuongeza maji kidogo kidogo saa nzima. Mu mfuko pumzi ya samaki imeshusha pH, amonia imelala, imekuwa amoniamu. Ukifungua pumzi inatoka, ukiongeza maji ya pH 9 unaiamsha samaki akiwa bado ndani. Fungua, shika na wavu, ingiza, maji ya mfuko mwaga inje.

Hatua ya 8: nani aingie kwanza

Miye nilianza na brichardi, Neolamprologus brichardi, ule mweupe wa mapezi marefu, jina lake linatoka kwa Pierre Brichard Mbelgiji aliyekuwa anauza samaki wa ziwa kutoka Burundi. Sita tu. Wiki tatu baadaye nikaongeza Julidochromis marlieri wawili, wale wa madoadoa, ambao walitambuliwa kwanza Makobola, kusini ya Uvira. Tropheus, siklidi mwingine wa Tanganyika, mwisho kabisa, baada ya miezi minne, na uingize 15 ao zaidi siku moja, ukileta watano wataua mumoja mumoja. Tropheus anakula yale majani ya kwa mawe, tumbo lake ni refu, usimupe nyama ao minyoo, atavimba na kufa. Spirulina (unga wa mwani), kidogo, mara mbili kwa siku.

Kila siku ya posho (jumamosi) natoa bidoni 6, naingiza 6 zenye joto lile lile. Sponji naosha mu yale maji yaliyotoka, hapana kwa robine, klorini inaua bakteria.

Mwezi wa sita brichardi walizaa, tudogo kama mbegu ya ulezi tukitingishika kwa mlango wa pango. Mwezi uliofuata wakazaa tena, na wale wa kwanza hawakuondoka, walibaki wanafukuza julidokromis, wanatoa mchanga mu pango na midomo, wanalinda wadogo wao pamoja na mama na baba. Kwa hiyo ukiona vijana wanazunguka watoto wachanga usiwatoe ukifikiri watawakula. Waache pale pale.