Jinsi ya Kutofautisha Nyimbo Zenye Jina Moja

Mtu akiniomba nimpigie “The Power of Love”, lazima nimuulize: ipi? Kazi yangu ni kupanga muziki redioni, na jina hilo lina nyimbo tatu zisizo na uhusiano wowote, zote zilizotoka kati ya 1984 na 1985. Ya Frankie Goes to Hollywood inakwenda taratibu. Ya Huey Lewis and the News imechangamka, na ilitungwa kwa ajili ya filamu ya Back to the Future. Ya Jennifer Rush ndiyo aliyoirudia Celine Dion mwaka 1993, ikashika namba moja Marekani mwaka uliofuata. Kwa hiyo anayetaja Rush na anayetaja Dion wanataka wimbo mmoja. Anayemtaja Huey Lewis anataka mwingine kabisa.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: ni utunzi mmoja ulioimbwa na watu wawili, au ni tunzi mbili? Sheria haizuii majina kugongana. Marekani, kwa mfano, hakimiliki hailindi jina la wimbo peke yake.

Anza na mtunzi, si mwimbaji. Kwenye santuri jina lake huandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la wimbo. Kwenye programu za kusikilizia muziki, fungua sehemu ya taarifa za wimbo. “Crazy” ya Patsy Cline ya 1961 ilitungwa na Willie Nelson. Ukikuta “Crazy” ya Gnarls Barkley ya 2006 haina jina la Nelson, umeshapata jibu. “Venus” inahitaji umakini zaidi: ya Frankie Avalon ya 1959 inasimama peke yake, lakini ya Shocking Blue ya 1969 na ya Bananarama ya 1986 ni utunzi uleule wa Robbie van Leeuwen. Zote tatu zilifika namba moja Marekani, kwa hiyo chati hazitakusaidia hapo.

Mwombaji asipomjua mwimbaji, usimwambie aimbe kiitikio tu. Muulize wimbo unaanzaje. Adele, kwenye “Hello” ya 2015, analitamka neno hilo mwanzoni kabisa. Lionel Richie, kwenye ile iliyovuma 1984, analiweka hadi kiitikio. Swali hilo moja linatosha.

Mwaka unaoonyeshwa na programu usiuamini upesi. Mara nyingi ni wa mkusanyiko au wa toleo jipya, hivyo rekodi ya zamani inaonekana ya juzi. Kama unaweza kuona namba za utambulisho, ISWC hupewa utunzi na ISRC hupewa rekodi. Rekodi mbili zenye ISWC moja ni wimbo mmoja.

Ukihifadhi, andika jina, mtunzi, mwimbaji, kisha mwaka wa rekodi. Panapo ubishi kuhusu mtunzi usimteue wewe: “Malaika” iliyorekodiwa na Fadhili William, Miriam Makeba na Boney M. imegombaniwa miaka mingi, kwa hiyo mimi huweka rekodi zao kwenye kundi moja na kuandika “utunzi una ubishi”. “Malaika” ya Nyashinski naiweka kando, maana ni wimbo mwingine.

Ukitaka kuzipiga pamoja, chagua tunzi tofauti na uzifuatanishe kwa miaka. Napenda sana “My Love”: Petula Clark (1966), Paul McCartney na Wings (1973), Justin Timberlake (2006). Kila moja ilishika namba moja Marekani, na msikilizaji anasikia jinsi studio zilivyobadilika bila kuelezwa. Ziache zicheze nzima, hasa ya Wings; ukiikata mapema unamnyima mtu solo la gitaa la Henry McCullough.