SOMO: Jinsi ya kusoma historia ya ugonjwa wa mzee mwenye shida ya moyo, hatua kwa hatua

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni muuguzi kliniki ya moyo hapa Dar, na karibu kila siku ya kliniki napokea watu wamemleta mzazi kutoka mkoani, bahasha imejaa makaratasi, ukiwauliza mama ana tatizo gani unaambiwa "moyo umepanuka", basi. Wakati kila kitu kimo humo humo kwenye bahasha ila kwa vifupisho. Naomba leo tuvisome pamoja, maana mzee akizidiwa usiku mkamkimbiza hospitali ambayo haina faili lake, wa kueleza historia ni nyie.

Hatua ya kwanza, toa makaratasi yote uyapange kwa tarehe. Usikimbilie majina ya magonjwa, angalia kwanza alama iliyokaa mbele ya jina, hapo ndo wengi wanapotea. k/c/o ni ugonjwa aliokwisha kupimwa nao na bado anao. h/o ni kitu kilichowahi kumpata huko nyuma. c/o ni kinachomsumbua siku hiyo aliyokuja. Na alama ya kuuliza mbele ya jina maana yake daktari anahisi tu, bado hajathibitisha, kwahiyo msianze kulia nyumbani kwa jina lenye alama ya kuuliza.

Tuchukue mstari huu, nimeutunga mimi ila ndo vinavyoandikwa:

74 F, k/c/o HTN, AF, h/o CVA 2019, c/o SOB + oedema 2/52, ?CCF, NKDA

Yaani mama wa miaka 74, ana presha ya kupanda na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, mwaka 2019 alipata kiharusi, leo kaja anakosa pumzi na kavimba kwa wiki mbili, daktari anahisi moyo umeshindwa kusukuma damu vizuri, na hakuna dawa inayojulikana kumletea aleji. Hiyo 2/52 ni wiki mbili, mwaka una wiki 52. 3/7 ni siku tatu, 6/12 miezi sita. Ukikuta TCA 1/12 chini ya karatasi, ni mrudishe baada ya mwezi mmoja.

Hatua ya pili ndo majina yenyewe. Hiyo CCF, wengine wanaandika CHF au HF tu, ndo inayotisha watu kuliko zote kwa sababu wakiambiwa moyo umeshindwa wanajua umesimama. Haujasimama. Unapiga ila hausukumi damu inavyotakiwa, maji yanajaa kwenye mapafu na miguuni, ndo unaona mzee hawezi kulala chali anaomba mito mitatu, au anashtuka usiku wa manane anakaa kitandani anatafuta hewa, hiyo ya kushtuka wanaiandika PND. HHD ni moyo ulioharibiwa na presha ya miaka mingi, na wazee wetu wengi wanaoambiwa moyo umepanuka wapo hapo. LVH ni ukuta wa chumba cha kushoto umekuwa mnene kwa kupambana na hiyo presha. IHD ni mishipa inayolisha moyo wenyewe imebana, ikiziba ghafla wanaandika MI, ndo shambulio la moyo. RHD ni vali zilizoharibika kutokana na homa inayofuatia maambukizi ya koo ya utotoni. DM kisukari, CKD figo.

Hatua ya tatu, karatasi ya eko, kile kipimo cha kuangalia moyo kwa mawimbi ya sauti. Tafuta EF. Chumba cha kushoto kikishajaa damu, kwa pigo moja kinatoa asilimia ngapi? Hiyo ndo EF, na hata kijana mzima haifiki 100, kawaida inacheza kati ya 55 na 70. Kwahiyo mzee mwenye EF 35 moyo wake umechoka kweli ila siyo kwamba kabakiwa na asilimia 35 ya uhai, nimesikia watu wakiambiana hivyo kwenye benchi na inaniuma sana. 40 kushuka chini ni nguvu imepungua. Na kuna wengine EF ni nzuri kabisa lakini moyo umekuwa mgumu haulegei kupokea damu, nao wanavimba na kukosa pumzi vile vile, msiwaambie wanadeka.

Hatua ya nne dawa: OD mara moja kwa siku, BD mara mbili, TDS mara tatu, nocte usiku, PRN pale anapohitaji tu. Andika jina lililo kwenye boksi na miligramu zake, "kile kidonge cha pinki" hakimsaidii daktari.

Mwisho weka yote kwenye ukurasa mmoja: magonjwa na mwaka yalipoanza, aliwahi kulazwa lini, EF ya mwisho na tarehe yake, dawa, aleji. Piga picha watoto wote wawe nayo kwenye simu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Asante kwa somo dada. Mama EF ilikuwa 30, sasa eko inasoma 45 na anatembea vizuri, si anaweza kupumzika dawa?
Jibu: Hapana ndugu yangu, imepanda kwa sababu ya hizo dawa. Wengi wakiacha moyo unarudi kulegea. Kupunguza ni uamuzi wa daktari wake.

Swali: Baba miguu imevimba tangu aanzishiwe amlodipini ya presha, ndo CCF hiyo?
Jibu: Siyo lazima, amlodipini yenyewe inajulikana kuvimbisha miguu, ndo maana nasisitiza tarehe. Usimuachishe, mrudishe akaangaliwe. Ila kama kavimba NA anakosa pumzi, au uzito umepanda kilo mbili ndani ya siku mbili tatu, usisubiri kliniki.

Swali: Bibi ana AF yupo kwenye wafarini, ile dawa ya kuzuia damu isigande, kwenye kadi kuna INR 4.8, tumeambiwa asile mchicha kabisa?
Jibu: INR inaonesha damu inachukua muda gani kuganda, wenye AF wengi lengo ni 2 mpaka 3, kwahiyo hiyo 4.8 iko juu, anaweza kutoka damu kirahisi, piga kliniki leo leo wamwambie dozi. Mboga za majani ale, ila kiasi kile kile kila wiki, siyo leo sahani nzima ya kisamvu halafu mwezi mzima hagusi.

Swali: Mzee magoti yanamsumbua, duka la dawa wanampa diklofenaki, na yeye ana HF.
Jibu: Hiyo na ibuprofeni zinashika maji mwilini na kuumiza figo, kwa mwenye HF zinaweza kumlaza. Mwambie daktari wake kuhusu magoti, mara nyingi wanaanza na parasetamoli. Na kwenye ule ukurasa ongeza mstari: HF, asipewe diklofenaki wala ibuprofeni, muwe mnauonesha dirishani kabla ya kununua.