Jinsi ya kumtambua mungu aliye nyuma ya sarafu ya Roma

Wengi wakishika sarafu ya Roma ya kale wanakimbilia sura ya kaisari, lakini geuza upande wa pili bana, huko ndo kuna mambo, mara nyingi amesimama mungu na kumjua usihangaike na uso wake maana denari, sarafu ya fedha ya Warumi, ina upana wa kama milimita 18 tu na uso ulishasagika zamani. Angalia mikono.

Washa tochi ya simu uilaze pembeni, mwanga upite juujuu ya sarafu, vivuli vitakuchorea kilichoshikwa.

Miungu wa kike wengi wana ile pembe iliyojaa matunda mkono wa kushoto, kwahiyo pembe peke yake haikuambii kitu, uliza mkono wa kulia una nini. Usukani wa meli? Huyo Fortuna, bahati, anayegeuza maisha ya watu kama nahodha anavyogeuza chombo. Mizani? Ni Aequitas, haki, au Moneta wa sarafu zenyewe, hawa wawili wanafanana kabisa, maandishi tu ndo yatawatenganisha. Tawi la mzeituni ni Pax, amani. Salus wa afya analisha nyoka kwenye kisahani. Alafu kuna Spes, tumaini, huyu nampenda kuliko wote, mkono mmoja umeinua kauwa kadogo na mwingine umeshika pindo la gauni analinyanyua kidogo kama mtu anayetaka kupiga hatua.

Wanaume ni rahisi: rungu na ngozi ya simba Hercules, radi Jupiter, kofia ya vita na mkuki Mars, ila ukiona kofia hiyo na gauni refu ujue ni Minerva. Mwenye miale kichwani na mkono wa kulia juu ni Sol, jua, kaisari Constantine aliendelea kumchapa kwenye sarafu zake hata baada ya ushindi wake wa mwaka 312, ule unaohusishwa na Mungu wa Wakristo. Miale ikiwa kichwani kwa kaisari upande wa mbele usichanganye, hiyo kwa kawaida ni alama ya sarafu yenye thamani mara mbili ya ile ya kawaida.

Kwenye maandishi V ndo U pia, SALVS isome Salus, na IOVI maana yake kwa Jupiter.

Na tafadhali usisugue na waya wa kuoshea sufuria, vinavyotoka kwanza ni hivyo vidogo, ua, mizani, kichwa cha nyoka.