Klabu inakuzingua na mkataba wako wa kwanza? Fanya hivi, hatua kwa hatua

Huu mwongozo ni wa dogo aliyemwaga wino kwa mara ya kwanza, awe kapandishwa kutoka U20 au kaonekana kwenye Ndondo, mashindano ya mtaani, akavutwa na timu ya Championship, ligi ya daraja la pili, na sasa mambo yameanza kwenda kombo. Mshahara hauingii, ile pesa ya usajili walitoa nusu, au kaambiwa tu na meneja wa timu "mwalimu hana mpango na wewe". Mimi ni wakili hapa Dar, hizi kesi zinanijia sana msimu ukiisha na dirisha dogo la usajili likikaribia, na wengi wanaonifuata wanakuja wameshabeba begi, wapo kwao Mbagala au Manzese wiki ya tatu, ndo wananiuliza wafanyeje. Mdogo wangu, haki unaweza kuwa nayo yote, ila ukitangulia kuondoka kabla barua yako haijaondoka umeshawapa wao kesi, watasema umetoroka kambini na kwenye karatasi itaonekana ni kweli.

Hatua ya 1: Upate mkataba wenyewe mkononi

Usicheke, wengi hawana. Alisaini ofisini saa mbili usiku, akapigwa picha na jezi, akaambiwa kopi utaletewa, mpaka leo. Kama hauna, andika barua fupi ya kuomba nakala, na kopi nyingine uiombe TFF, shirikisho la soka la hapa kwetu, pale Karume kwa sababu mkataba unatakiwa uwe umewasilishwa wakati unasajiliwa. Hiyo ya TFF ni muhimu kuliko unavyodhani. Mwaka 2015 Ramadhani Singano alisema mkataba wake na Simba ni wa miaka 2, klabu ikaonyesha wa miaka 3, ikawa msala mkubwa mpaka TFF wakaingilia na mwisho wa siku dogo akaenda Azam. Na 2020 Bernard Morrison na Yanga walibishana kama aliongeza miaka 2 au hakuongeza, kamati ya TFF ikakuta mkataba una mapungufu ikampa ushindi mchezaji, Yanga wakaenda mpaka CAS, mahakama ya michezo kule Uswisi, na huko nako wakakwama mwaka 2021. Wote hao ni majina makubwa na bado ugomvi ulikuwa kwenye karatasi gani ndo yenyewe. Sasa wewe uliyetoka juzi mchangani na hauna hata picha ya ukurasa wa mwisho?

Ukiupata, piga picha kila ukurasa, jitumie kwenye imeili yako. Simu inaibiwa mwendokasi, imeili inabaki.

Hatua ya 2: Usome ukiwa na kalamu

Tafuta vitu hivi. Muda, yaani unaanza lini unaisha lini. Kanuni za FIFA zinasema mkataba usizidi miaka 5, na kama ulisaini hujafika miaka 18 usizidi 3, kwa hiyo wewe uliyefungwa miaka 5 ukiwa na miaka 17 kile kipande kilichozidi hakitambuliki. Halafu angalia mshahara, ni wa mkononi au kabla ya makato, unalipwa tarehe ngapi. Pesa ya usajili, inalipwa kwa awamu ngapi, na tarehe zimeandikwa au wameandika "kadri hali itakavyoruhusu" (hiyo sentensi naichukia sana, ukiiona kabla ya kusaini waambie waweke tarehe). Nyumba, usafiri, matibabu, bonasi. Kipengele cha kuvunja mkataba, nani anaweza kuvunja na kwa kiasi gani.

Yale uliyoahidiwa kwa mdomo na kiongozi ndani ya gari yake, mara utanunuliwa pikipiki, mara mama atajengewa, kama hayamo humo yahesabu hayapo.

Kingine, wanapenda kuwaambia madogo "ulifeli vipimo kwa hiyo mkataba haufanyi kazi". Hapana. FIFA inakataza mkataba kutegemea kufaulu vipimo vya afya, vipimo wafanye kabla hawajakusainisha. Na ukiumia ukiwa kazini, jeraha peke yake sio sababu ya kukukata, kushuka kiwango hivyohivyo.

Hatua ya 3: Kusanya ushahidi kimyakimya

Chukua taarifa ya benki ya miezi yote tangu umesaini. Kama wanakulipa kwa simu toa miamala, kama wanakulipa keshi mkononi basi andika kwenye daftari tarehe na kiasi na aliyekupa, na USISAINI karatasi ya malipo ya pesa ambayo hujaishika, hata wakikwambia ni ya mahesabu tu. Skrinshoti za grupu la timu, ratiba ya mazoezi, meseji za katibu anaposema "vumilia wiki hii". Ile meseji ya vumilia ni dhahabu, amekubali mwenyewe kwamba unadai.

Na uendelee kwenda mazoezini, kila siku, kwa wakati. Wakikuzuia getini piga picha upo pale, tuma meseji kwa meneja wa timu: "Shikamoo kiongozi, nimefika mazoezini saa 2 asubuhi nimezuiwa na mlinzi, naomba maelekezo." Kwa heshima kabisa. Wakikutenga ukimbie peke yako au wakikurudisha kwa watoto ili uchoke uondoke mwenyewe, hiyo pia iandike, sababu kumtesa mchezaji ili avunje mkataba kanuni zinalitambua kama kosa la klabu.

Hatua ya 4: Barua ya madai, hapa tulia

Hii ndo roho ya kesi nzima. Kifungu cha 14bis cha kanuni za FIFA kinasema klabu ikishindwa kulipa mishahara isiyopungua miwili kwa tarehe zake, mchezaji ana sababu ya haki ya kuvunja, ila kwanza awe ameiandikia klabu na kuipa siku zisizopungua 15 ilipe yote. Angalia vitu vitatu humo: miezi 2, maandishi, siku 15. Ukikosa kimoja unakuwa umejivunjia mwenyewe. Isome pamoja na kanuni za TFF za msimu huo na mkataba wako, kama mkataba unasema siku 30 wape 30, haikuumizi kitu.

Barua yenyewe isiwe ndefu, usilie humo ndani, usitaje kwamba kocha anapendelea. Iwe hivi:

"Kwa Mtendaji Mkuu. YAH: MADAI YA MISHAHARA NA SALIO LA FEDHA YA USAJILI. Mimi ni mchezaji wenu kwa mkataba wa tarehe fulani. Hadi leo sijalipwa mishahara ya mwezi fulani na mwezi fulani, jumla shilingi kadhaa, pamoja na awamu ya pili ya fedha ya usajili shilingi kadhaa iliyotakiwa kulipwa tarehe fulani. Naomba nilipwe kiasi chote ndani ya siku 15 tangu kupokelewa kwa barua hii. Msipolipa nitachukua hatua kwa mujibu wa mkataba na kanuni, ikiwemo kusitisha mkataba. Naendelea kuripoti mazoezini kama kawaida."

Hiyo sentensi ya mwisho usiisahau. Printi nakala mbili, moja wabaki nayo, yako wagonge mhuri wa kupokea na tarehe. Wakikataa kupokea, na watakataa, yule dada wa mapokezi atakwambia bosi hayupo, itume kwa EMS, ile huduma ya haraka pale Posta, utunze risiti, na itume pia kwa imeili rasmi ya klabu. WhatsApp tuma kama nyongeza tu.

Wakilipa ndani ya hizo siku, basi, rudi kacheze mpira. Wakilipa nusu, wajibu kwa maandishi kwamba umepokea nusu na salio bado, maana wanachotaka ni ukae kimya ionekane mmeyamaliza.

Hatua ya 5: Siku zimeisha, hawajalipa

Sasa ndo unaandika barua ya kusitisha, unataja ile ya kwanza na tarehe iliyopokelewa, kopi TFF. Kabla ya hapo angalia kalenda ya usajili, ukivunja dirisha likiwa limefungwa unaweza kujikuta uko huru lakini huna pa kucheza kwa miezi kadhaa, mara nyingine bora kudai tu bila kuvunja. Na usije ukaiga ile ya Feisal Salum wa Yanga ya Desemba 2022, kuiingizia klabu shilingi milioni 112 ili kuvunja mkataba na kutangaza umeondoka. Januari 2023 kamati ya TFF ilisema bado ni mchezaji wa Yanga, akakaa nje nusu msimu, na kilichomtoa mwezi wa 6 ni klabu mbili kukaa mezani akauzwa Azam. Na yule alikuwa staa, nchi nzima inamjadili. Wewe ukikaa nje nusu msimu unasahaulika.

Hatua ya 6: Peleka shauri

Kama wewe ni Mtanzania na klabu ni ya hapa, shauri linaenda TFF, Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji, ofisi zipo Karume, Ilala. FIFA watakurudisha, wao wanapokea lile lenye sura ya kimataifa, mfano Mkongo au Mghana anayeidai klabu yetu, na huyo ana miaka 2 tangu tatizo litokee. Usikimbilie mahakamani kwanza, anzia huko TFF. Peleka maelezo kwa mpangilio wa tarehe, mkataba, barua zote zenye mhuri, taarifa ya benki. SPUTANZA, chama cha wachezaji, nenda kawaone, usiende peke yako kama unaogopa kuongea mbele ya wazee. Na yule anayejiita meneja wako muulize ana leseni ya uwakala ya FIFA au ni jirani tu mwenye gari.

Hatua ya 7: Wakikuita mmalizane

Mara nyingi inaishia hapa na sio mbaya. Watakupa "thank you", barua ya kukuachia na karatasi ya kusaini. Ile karatasi isome mara tatu, ndani yake kuna mstari unasema "sina madai yoyote dhidi ya klabu". Ukisaini huo kabla pesa haijaingia, umefuta kila kitu, hata ile barua yenye mhuri haitakusaidia. Nawaambiaga wateja wangu: pesa kwenye akaunti kwanza, ukague salio, ndo saini. Kama wanalipa kwa awamu, iandikwe tarehe za kila awamu, na kwamba ikipita moja deni lote linadaiwa kwa mkupuo, na barua ya kukuachia wakupe siku hiyohiyo, usikubali ya kufuata kesho.