"Borrow" au "lend"? Kiulize kwanza Kiswahili chako

Nafundisha Kiingereza cha jioni hapa Morogoro. Wanafunzi wangu wengi ni mafundi na wauza duka, na kinachowasumbua zaidi ni maneno yanayoonekana kama pacha. Wao hukimbilia kukariri. Mimi nawasihi: sema sentensi kwa Kiswahili kwanza, usikilize kitenzi.

Chukua "borrow" na "lend". Kinachotuponza ni "azima", maana tunasema "nimeazima jembe kwa jirani" na pia "niazime jembe lako". Basi weka "kopa" mahali pake, hata kama si fedha. Ikikaa sawa, andika "borrow". Mdomo ukienda wenyewe kwenye "kopesha", hiyo ni "lend". "Nikopeshe kalamu" ni "Lend me a pen". Ile "Borrow me a pen" ninayoisikia kila wiki ni sawa na kusema "nikope kalamu", na hakuna Mswahili anayemwomba mtu kalamu hivyo.

"Tell" ni "ambia": anayeambiwa lazima atajwe. Husemi "mama aliambia kwamba anakuja", unasema "aliniambia". Ndiyo maana tunaandika "She told me that she was coming". "Say" ni "sema", inajitegemea: "She said that she was coming". Ukitaka kumtaja msikilizaji, tanguliza "to": "She said to me". Zipo chache za kukariri tu, kama "tell the truth" na "tell a story".

"Remember" na "remind" ni kumbuka na kumbusha. "Learn" na "teach", jifunza na fundisha. "Steal" na "rob" zifuate iba na ibia: simu huibwa, mtu huibiwa, ila "rob" huwa na nguvu au vitisho ndani yake.

Kwenye "he" na "she", Kiswahili hakikusaidii, kwa sababu "yeye" ni wote. Ukimaliza barua, rudi na penseli, zungushia kila "he", "she", "his" na "her", kisha chora mstari hadi kwa mtu anayetajwa. Kuwa makini zaidi na "his" na "her". Sisi tunasema "kitabu chake, gari lake", kimilikishi kinafuata kitu. Kiingereza kinamfuata mwenye kitu. Juma na mkewe ni "Juma and his wife", kwa kuwa mwenye mke ni Juma.