Namna ya kuona vinywa vya majani kwa verni ya kucha

Majani inapumua, na tundu zake unaweza ziona mwenyewe hapa Goma, tafuta tu verni ya kucha isiyo na rangi, skochi (ule utepe wa kubandika), na mikroskopi kama kuko mwalimu anaweza kukuazima.

Chuma jani la sombe (jani la muhogo) asubuhi jua ikisha kutoka, pangusa vumbi kwanza (vumbi ya Goma unaijua). Geuza jani upake verni ku upande wa chini, sababu ku muhogo tundu nyingi njo ziko huko. Achia dakika 10 ao 15 ikauke kabisa, mimi mara ya kwanza niliharakisha ikatoka matope tu. Bandika skochi, vuta polepole, verni itatoka na alama ya ngozi ya jani, weka ku kioo cha mikroskopi uangalie ukikuza mara 400.

Utaona kama midomo midogo: seli mbili zimeshikana, katikati tundu. Zikijaa maji zinavimba na kujikunja, mdomo unafunguka, kabonidayoksaidi inaingia, oksijeni na mvuke wa maji vinatoka, lakini jua ikikaza na udongo umekauka seli zinalegea mdomo unafungwa, jani linaokoa maji ila kazi yake ya kujipikia chakula inapungua. Rudia na jani lililonyauka, ulinganishe.