Kuomba na kuachia rasilimali za kifaa kwenye draiva ya Linux: mfano wa kadi ya seriali ya mizani

Lori la miwa likipanda mizani, uzito husafiri kutoka kwenye kionyeshi hadi kompyuta ya karani kwa waya wa RS-232. Ni teknolojia ya kale, lakini inafanya kazi, na ndiyo maana sisi mafundi wa Kisumu tunaozunguka ukanda wa miwa, Kibos hadi Muhoroni na kule Mumias, bado tunachomeka kadi za seriali kwenye kompyuta zisizo na tundu la pini 9. Kadi nyingi Linux huzitambua yenyewe. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuandika draiva yake, au aliyeandika tayari na inagoma. Nachukulia kwamba unajua C na umewahi kujenga moduli ndogo ya kerneli.

Kadi hii inahitaji vitu viwili: anwani za kuzungumza nayo, na laini ya IRQ (ya intarapti) ambayo yenyewe huitumia kumshtua prosesa. DMA, yaani kadi kugusa memori bila kupitia prosesa, haina, kwa hiyo tunairuka.

Hatua ya 1: Tazama nani ameshika nini

```
sudo cat /proc/ioports
sudo cat /proc/iomem
cat /proc/interrupts
lspci -vk -s 03:00.0
```

Usiache sudo kwenye hizo mbili za kwanza, la sivyo utaonyeshwa sufuri tupu badala ya anwani. Kwenye kompyuta yenye poti ya zamani utakuta mstari wa `03f8-03ff : serial`. Hizo ni anwani 8, moja kwa kila rejista ya chipu. Enzi za ISA, basi ya zamani ya kadi, mtu alizipanga kwa jampa (vipini vidogo kwenye kadi), na COM1 na COM3 zote zilielekezwa IRQ 4. Ugomvi ulikuwa wa kila siku.

PCI, basi iliyofuata, iliondoa adha hiyo. BIOS na kerneli hugawa anwani na kuziandika kwenye BAR za kadi (rejista zinazotunza anwani zake), zisizozidi 6. Kazi yako ni kusoma ulichopewa. Kwangu, ambako kadi iko 03:00.0, lspci inasema poti zinaanzia e000, ukubwa 8, IRQ 18. Kwako zitakuwa nyingine, na hata kwangu zinaweza kubadilika nikihamisha kadi kwenye sloti nyingine. Draiva yenye `0xe000` iliyoandikwa kwa mkono ifute bila huruma.

Hatua ya 2: Mwondoe aliyetangulia

Kama lspci inaonyesha kadi tayari inaendeshwa na draiva ya `serial`, probe yako, yaani fanksheni ambayo kerneli huiita inapokukabidhi kadi, haitaitwa kamwe. insmod itafaulu, dmesg itanyamaza, nawe utakesha ukitafuta kosa lisilokuwepo. Itenganishe kwanza:

```
echo 0000:03:00.0 | sudo tee /sys/bus/pci/drivers/serial/unbind
```

Hatua ya 3: Omba, kagua jibu, ndipo uguse

Hii inakaa ndani ya probe:

```
ret = pci_enable_device(pdev);
if (ret)
    return ret;
ret = pci_request_regions(pdev, "mizani");
if (ret)
    goto zima;
/* m: struct yako ya taarifa za kadi; rej: zilipo rejista zake */
m->rej = pci_iomap(pdev, 0, 0);
if (!m->rej) {
    ret = -ENOMEM;
    goto achia;
}
iowrite8(0, m->rej + 1); /* Kadi inyamaze */
pci_set_drvdata(pdev, m);
ret = request_irq(pdev->irq, mizani_irq,
                  IRQF_SHARED, "mizani", m);
if (ret)
    goto toa_ramani;
return 0;

toa_ramani:
    pci_iounmap(pdev, m->rej);
achia:
    pci_release_regions(pdev);
zima:
    pci_disable_device(pdev);
    return ret;
```

`pci_request_regions` ndiyo inayorukwa sana, kwa sababu ukiiruka draiva bado inafanya kazi. Kerneli hapa ni kama mwenye ploti mwenye daftari: anaandika nani kakodi chumba kipi, lakini mlango haufungi. Draiva isiyoomba inaweza kusoma na kuandika anwani za mwenzake, wala hakuna wa kuizuia. Daftari hilo lina maana tu kama kila mtu anajiandikisha. Ukijibiwa -16, yaani EBUSY, kuna aliyekutangulia. Rudi /proc/ioports au /proc/iomem umsome jina. Usilazimishe.

Nimetumia `pci_iomap` pamoja na `ioread8` na `iowrite8` kwa makusudi: BAR ikiwa ya poti au ya memori, msimbo haubadiliki.

`request_irq` inakuja mwisho. Ikishajibu sawa, au hata kabla haijarudi, kishughulikiaji chako (`mizani_irq`) kinaweza kuitwa, kwa maana laini ni ya kushirikiana na kifaa jirani kinaweza kuwa kinapiga muda wote. Kikiitwa kabla `m->rej` haijajazwa, kitasoma anwani isiyo sahihi, na kompyuta inaweza kuanguka.

Hatua ya 4: Tambua kelele zako

Laini ikiwa ya kushirikiana, swali la kwanza ndani ya kishughulikiaji ni "ni mimi?" Chipu ya aina ya 16550 inajibu kwa rejista ya IIR, iliyo nafasi ya 2. Biti 0 ikiwa 1, hakuna intarapti inayosubiri:

```
if (ioread8(m->rej + 2) & 1)
    return IRQ_NONE;
```

Baadhi hurudisha `IRQ_HANDLED` kila mara ili mambo yaishe. Huo ni uongo, na unaficha ubovu: kerneli huhesabu intarapti zisizo na mwenyewe, na zikizidi 99,900 kati ya 100,000 huifunga laini na kuandika "nobody cared" kwenye dmesg. Ukidanganya, ulinzi huo haufanyi kazi.

`request_irq` ikishafaulu, washa intarapti za kupokea kwa kuandika 1 kwenye IER, rejista ya kuwasha intarapti, nafasi ya 1.

Hatua ya 5: Achia kinyumenyume

Hii inakaa ndani ya remove, fanksheni inayoitwa draiva inapoachana na kadi:

```
iowrite8(0, m->rej + 1);
free_irq(pdev->irq, m);
pci_iounmap(pdev, m->rej);
pci_release_regions(pdev);
pci_disable_device(pdev);
```

Mpe `free_irq` kile kile `m` ulichotoa wakati wa kuomba; ndicho kinachokutofautisha na wenzako kwenye laini. Itasubiri kishughulikiaji kinachokimbia kimalize. Ukitoa ramani kabla yake, kwenye kadi yenye BAR ya memori jirani akipiga tu, utasoma anwani isiyokuwepo tena.

Zipo `pcim_enable_device` na `devm_request_irq` zinazoachia zenyewe, na kwa draiva mpya ningezitumia. Ila IRQ huachiwa baada ya remove kumalizika, kwa hiyo kunyamazisha kadi bado ni juu yako.

Hatua ya 6: Jaribu kwa ukorofi

Pakia moduli, pima kitu, na hesabu ya "mizani" kwenye /proc/interrupts ipande. Kisha jaribu kushindwa kwa makusudi: jaribio la kwanza, lazimisha `m->rej` kuwa NULL; la pili, weka `ret = -EIO` kwa muda juu ya `if (ret)` ya pili; na kila mara upakie upya. Hizi njia za kushindwa hakuna anayezipita hadi radi ya Kakamega ichome kadi ya mteja. Baada ya kila jaribio, jina "mizani" lisibaki kwenye /proc/ioports wala /proc/iomem. Ila kwa jaribio la pili, ombi likiwa lilifaulu kabla hujalifunika, litabaki, na ukiondoa mstari huo ukapakia tena, probe itashindwa kwa -16, utaiona kwenye dmesg. Hapo umejionea EBUSY kwa macho. Washa kompyuta upya uendelee.